Windows kufunguka si ushahidi: dhana potofu kuhusu kupandisha kasi ya prosesa

Dhana: Windows ikifunguka na gemu ikacheza saa nzima, kasi mpya uliyoipandishia prosesa (overclocking) imekubali.

Gemu haibani prosesa ipasavyo, na wala haikagui majibu. Prosesa iliyopungukiwa volteji kidogo yaweza kukosea hesabu bila kuganda, na hesabu hiyo mbovu huandikwa kwenye diski kimya kimya. Siku moja unakuta faili la zipu halifunguki, au Windows imeharibika na hujui ilianza lini. Ndiyo maana jaribio la maana ni lile linalohakiki hesabu. Programu ya Prime95 hufanya hivyo: kiini (core) cha prosesa kikikosea, kazi yake husimama na kosa huonekana. Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa dakika 10 inatosha kuchuja mipangilio mibovu kabisa. Kisha endesha Prime95 kwa chaguo la Small FFT, linalotoa joto kali, kwa saa moja huku macho yako kwenye joto, halafu OCCT, programu nyingine ya majaribio, usiku kucha. Ukimaliza, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger, yaani makosa ya vifaa. Hata kosa moja ambalo kompyuta imelisahihisha yenyewe ni sababu ya kurudi nyuma.

Dhana: Ikianguka, ongeza volteji.

Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, ila kwa volteji hupanda kwa mraba wake. Kutoka volti 1.20 hadi 1.35 ni kama asilimia 27 zaidi. Changanya na kupanda kutoka gigahezi 4.6 hadi 5.0, inafika takriban 38. Yote hiyo ni joto, na silikoni yenye joto hudai volteji zaidi ili ishike kasi ileile. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza zikifika nyuzi 100, Ryzen 7000 za AMD nyuzi 95, kwa hiyo unaweza kuongeza volteji na kuambulia kasi ndogo zaidi.

Utaratibu ni huu. Kwenye BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows, zima kwanza XMP au EXPO, mipangilio inayoipa RAM kasi zaidi, ili RAM ibaki kwenye kasi yake ya kawaida. Usiache volteji kwenye Auto, kwani bodi mama (motherboard) nyingi hujaza kuliko inavyohitajika. Weka ya kudumu, tuseme 1.25. Kasi ni megahezi 100 mara kizidishi, basi pandisha kizidishi kimoja kimoja, ukijaribu dakika 10 kila mara. Ikianguka, ongeza volti 0.01 au 0.02. Hatua moja ikianza kudai zaidi ya 0.05, umefika ukingoni: shuka kizidishi kimoja. Megahezi 100 hizo hutazikumbuka.

Dhana: Volteji uliyoandika kwenye BIOS ndiyo inayofika.

Mzigo ukiingia, volteji hushuka. Load-Line Calibration, mpangilio wa BIOS, hupunguza mshuko huo, lakini ukiiweka kileleni, mzigo unapoondoka ghafla volteji huruka juu ya uliyoandika, kwa kitambo kifupi ambacho programu za kupimia hazikidaki. Chagua kiwango cha kati, kisha soma Vcore, volteji halisi ya viini, kwenye programu ya HWiNFO mzigo ukiwa juu. Angalizo: kwenye bodi fulani kiwango namba 1 ndicho kikali kuliko vyote, kwenye nyingine ndicho dhaifu. Soma kijitabu cha bodi yako.

Dhana: Iliyomudu mzigo mzito haiwezi kushindwa na mwepesi.

Kwenye Ryzen iliyopunguzwa volteji kwa Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS unaoshusha volteji ya kila kiini kwa hatua, mara nyingi ni kinyume. Viini vyote vikifanya kazi, kasi huwa ya chini. Kiini kimoja kikiwa peke yake hupaa hadi kilele, na hapo ndipo upungufu hujitokeza. Kompyuta hupita Prime95 usiku kucha, kisha inajiwasha upya ukiwa unasoma ukurasa tu. Jaribu kiini kimoja kimoja kwa programu ya CoreCycler, na kinachoanguka kirudishie hatua 3 hadi 5 za volteji.

Dhana: Prosesa ni ileile, nakili mipangilio ya mwenzako.

Chipu mbili za modeli moja hazilingani. Namba za mwenzako zikupe pa kuanzia tu.

Dhana: XMP haihusiki na prosesa.

Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na makosa ya RAM hufanana sana na ya viini. Washa XMP mwishoni, pitisha MemTest86, programu ya kukagua RAM, mizunguko 4, kisha rudia majaribio yote.

Dhana: Ikikataa kuwaka, imeungua.

Kwa kawaida ni mipangilio tu. Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi kwa dakika 5 ili mipangilio ifutike, irudishe, washa.