Farao pia alisema "nimekosa"

Ukienda mkutano wa injili Nakuru au Kondele kule Kisumu, mhubiri akitaja moyo mgumu wengi humfikiria mlevi anayepita barabarani, au jirani asiyekanyaga kanisani. Lakini mfano mkuu wa moyo mgumu katika Biblia ni mtu aliyetubu kwa kinywa, tena zaidi ya mara moja.

Mvua ya mawe ilipoipiga Misri, Farao aliwaita Musa na Haruni akakiri kwamba amekosa na kwamba BWANA ni mwenye haki (Kutoka 9:27). Mvua ikakoma, naye akarudia yaleyale. Walipokuja nzige akakiri tena, akaomba asamehewe mara hiyo tu na aondolewe kifo kile. Alichotaka kiondoke ni pigo. Waisraeli bado alikuwa amewashikilia. Kutoka 8:15 ilikuwa imeshatueleza shida yake, baada ya pigo la vyura: alipoona pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito. Kila nafuu ilimwacha mgumu kuliko awali.

Watu hubishana sana juu ya aya zinazosema Mungu ndiye aliyemfanya mgumu. Mungu alitangaza mapema kwamba atafanya hivyo, ni kweli, ila katika masimulizi ya mapigo yenyewe hatuambiwi kwamba amefanya hivyo hadi pigo la majipu (9:12). Kabla ya hapo Farao alikuwa ameshajifanya mgumu mwenyewe.

Kwa hiyo moyo mgumu ni ule uliozoea kusikia bila kutii, hadi onyo likose makali. Paulo anazungumzia dhamiri zilizochomwa moto (1 Timotheo 4:2). Hatari yake ni kwamba mwenyewe hana habari: anaimba, anatoa sadaka, anasema amina.

Toba ya kweli nayo ni kuijutia dhambi yenyewe, kuikiri, kuiacha na kumgeukia Mungu. Mfalme Sauli alikiri mbele ya Samweli, kisha papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee (1 Samweli 15:30). Dhambi haikumuuma kama ilivyomuuma aibu.

Tuseme mweka hazina wa chama cha akina mama wa soko la Kibuye amekula shilingi 40,000 za wenzake. Jumapili analia madhabahuni, Jumatatu anasema vitabu viko sawa. Machozi yale huenda ni ya kweli kabisa, lakini toba bado. Sheria ya Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji aungame, arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, yaani mama huyu angelipa 48,000. Zakayo alijitolea kurudisha mara nne.

Jambo hili si geni Magharibi mwa Kenya. Uamsho uliotokea Kaimosi mwaka 1927 katika misheni ya Wakweka (Kanisa la Friends) ulizaa makanisa ya Roho, yaani yanayosisitiza Roho Mtakatifu, ambako kuungama dhambi waziwazi ni nguzo ya ibada. Baadaye ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale wa wimbo wa Kiganda "Tukutendereza" (Tunakusifu), walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Naipenda zaidi hiyo sehemu ya kurudisha. Ushuhuda wa hadharani una mtego wake: mtu anaweza kuzoea kusifiwa kwa unyenyekevu, hadithi ya dhambi za zamani ikawa tamu mdomoni huku ya juzi ikifichwa. Wakatoliki huungama kwa padri faraghani, na bado hupewa malipizi ya kutimiza.

Wapo wanaoogopa kwamba mioyo yao imeshakufa ganzi. Wachungaji wengi huwajibu kwamba hofu hiyo yenyewe ni dalili moyo bado unasikia, na jibu hilo naliona sahihi. Waebrania 3:15 inasema "leo" tukiisikia sauti yake tusifanye migumu mioyo yetu, na inawaambia watu ambao tayari ni waumini. Mama wa chama anaweza kuanza kurudisha na elfu mbili na orodha ya majina ya aliowakosea.