Boti ya mtumba: injini kubwa si kasi

Wengi huamini kuwa boti iliyotumika ikifungwa injini kubwa itakimbia sana. La. Kasi ya boti ya faiba inayoteleza juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ikigawanywa kwa uzito: boti ikienda noti 20 (maili za baharini kwa saa) kwa HP 40 (nguvu za farasi), HP 60 itaifikisha 24 tu, tena kama uzito haukuongezeka.

Fedha ikiwa chache, tafuta boti nyepesi. Gonga sakafu na ubao wa nyuma unaobeba injini kwa mpini wa nyundo. Mlio mzito, uliokufa, ni dalili ya mbao zilizooza au foamu iliyonyonya maji, na maji hayo ni kilo nyingi unazozinunulia petroli kila safari. Kwenye injini, kompresheni (shinikizo la ndani) za silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Injini ya mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika ikigota 4,700 kwa mafuta yote, punguza pichi ya propela (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) inchi 2. Kila inchi hurudisha kama mizunguko 200.