Jahazi zuri la 404 linalojibu 200

Wiki hii ni mara ya tatu nakutana na kosa hili. Kijana aliyeitengenezea tovuti nyumba moja ya wageni hapa Mji wa Kale amenitumia picha ya ukurasa wake wa makosa: jahazi limetweka tanga, chini yake "Samahani, umepotea njia", kisha kitufe cha kurudi mwanzo. "Fundi, ile 404 nimeimaliza," akaniandikia, yaani ile nambari ambayo seva hujibu kitu kilichoombwa kisipokuwepo. Ukurasa kweli unapendeza. Nikafungua teminali, nikaandika curl -IL, amri ya kusoma vichwa vya jibu la seva na kufuata kila inapoelekeza, na anwani ya chumba kisichokuwepo. Mstari wa mwisho wa hali ulikuwa:

HTTP/1.1 200 OK

200 maana yake ombi limefaulu. Ile 404 ameificha tu. Mgeni anaona jahazi na kuelewa kwamba alichotafuta hakipo. Lakini roboti za Google, kashe (hifadhi za nakala za muda), programu za simu na vipima-uhai vya tovuti havioni jahazi, vinasoma nambari. Na nambari inasema: karibu, ulichokiomba ndicho hiki. Google inao uwezo wa kushtukia kurasa za namna hii, huziita 404 laini na kuziondoa kwenye matokeo, ila kabla ya hapo roboti imeshapoteza muda kwenye vyumba hewa badala ya vile vinavyokodishwa.

Kosa lenyewe nililiona kabla sijafungua faili. Kwenye .htaccess, faili la mipangilio la Apache, programu inayoendesha seva yake, alikuwa ameandika anwani kamili:

ErrorDocument 404 https://example.com/potea.html

Hiyo https ndiyo mwiba. Apache ikikuta anwani kamili, hata kama ni ya seva hiyohiyo, haitoi ukurasa pale ulipo. Inakuelekeza kwingine kwa 302, nambari ya kuhamishwa kwa muda. Brauza inakwenda, inaukuta ukurasa upo salama, inapewa 200. Ile 404 haikumfikia mtu yeyote. Anza na mkwaju tu, yaani /potea.html, na nambari inabaki ilivyo. Kwenye Nginx, programu nyingine ya seva, error_page 404 /potea.html inatosha; aliyeongeza =200 katikati ameyataka mwenyewe. Mnaoandika kwa lugha ya PHP, iteni http_response_code(404) kabla hamjachapisha hata herufi moja.

Halafu kuna wanaoelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo kwa 301, kwa sababu mtu kawaambia 404 zinaishusha tovuti. Haziishushi. Kitu kisipokuwepo, 404 ndilo jibu la kweli, na Google wamelisema hili miaka na miaka. 301 ni ya ukurasa uliohama na makao yake mapya yanajulikana. Mtu aliyefuata kiungo cha bei za mwaka jana akajikuta mlangoni bila maelezo atabonyeza tena kilekile, atarudishwa tena, kisha ataondoka.

Linaloniuma zaidi ni matengenezo. Kampuni moja ya klaringi karibu na Kilindini, hifadhidata yao ilianguka Ijumaa jioni. Programu ilikuwa imeandikwa ionyeshe "Tunafanya marekebisho" kwa heshima zote, na 200. Kipima-uhai kiligonga mlango kila dakika tano, kikajibiwa 200, taa ikabaki kijani Jumamosi na Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi simu zilianza kuita: wenye makontena bandarini, gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda, hawajui hati zao zimefika wapi. Ingejibu 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na Retry-After: 3600, yaani rudi baada ya sekunde 3600, mtu angeamshwa Ijumaa ileile, na roboti zingejua kwamba hali ni ya muda na zirudi baadaye.

401 na 403 nazipita haraka: ya kwanza hujajitambulisha, ya pili umezuiwa, na kurudia kuingia kwa jina lilelile hakutakufungulia.

Lakini hapo kwenye 403 mimi mwenyewe moyo haujatulia. Kanuni za HTTP, RFC 9110 ya Juni 2022, zinaruhusu seva ijibu 404 badala ya 403 ikiwa haitaki kufichua kwamba kitu kipo. Kurasa za wasimamizi nazificha hivyo. Ila nimeona karani mwaminifu aliyeondolewa ruhusa kwa bahati mbaya akitafuta faili asubuhi nzima, akidhani limefutwa. Nimemlinda nani hapo? Na 410, ya kitu kilichoondolewa moja kwa moja, nimeiweka kwa uaminifu kwenye kurasa nyingi, na sijaona imenipa nini cha ziada kuliko 404. Naendelea kuiweka kwa sababu ndiyo kweli yenyewe.

Kijana alifuta https na jina la tovuti, akaacha mkwaju. Usiku akanitumia picha nyingine, safari hii ya teminali: HTTP/1.1 404 Not Found. Nikafungua ile anwani kwenye simu. Jahazi lipo palepale, tanga juu.