Mlalo: mama ubavu, mtoto chali

Mlalo ni namna mwili unavyokaa usingizini: chali, kifudifudi au ubavu. Wengi tunahesabu saa za kulala tu, mlalo tunaukumbuka siku shingo imekakamaa.

Mvuvi wa dagaa wa Kirumba, Mwanza, hurudi alfajiri, akala ugali akashiba, akajitupa kitandani. Akilalia kulia, kiungulia kinapanda. Akigeukia kushoto, tindikali inatulia tumboni, chini ya pale umio, yaani koo la chakula, unapoingilia, na kifua kinapoa. Afadhali zaidi angesubiri saa mbili tatu kabla ya kulala, ingawa najua uchovu wa ziwani hausubiri.

Kulala chali huuachia ulimi urudi nyuma na kubana njia ya hewa, ndipo mtu anakoroma. Akikatika pumzi kisha akashtuka akitweta, huyo apelekwe hospitali. Kifudifudi huikunja shingo usiku kucha.

Linalonigusa zaidi ni la wajawazito. Kuanzia wiki ya 28, mama aanze usingizi kwa ubavu. Akilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Tafiti zimeuhusisha mlalo huo na watoto kuzaliwa wafu. Kushoto husifiwa sana, lakini kulia nako kunafaa. Akizinduka usiku akajikuta chali asiogope, ageuke tu.

Mtoto akishazaliwa, mambo yanageuka: yeye alazwe chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Hapa ndipo bibi anapokataa: "Atapaliwa na maziwa!" Hofu yake ni ya upendo, ajibiwe kwa heshima. Mtoto akiwa chali, koo la hewa liko juu ya koo la chakula, hivyo maziwa akiyacheua hayapandi kirahisi kuingia kwenye koo la hewa. Ni kifudifudi ndiko koo la hewa linakokuwa chini.

Tumbo lake alilalie akiwa macho, mchana, bibi akiwa pembeni anamwangalia; hapo shingo inakomaa.