Kwa Nini Uchungu wa Uzazi Huanzishwa Kabla Haujaja Wenyewe?

Mjamzito wa Kampala au Arua ambaye tarehe yake ya kujifungua imepita bila dalili yoyote huulizwa kila asubuhi na mama mkwe na majirani: mbona mtoto hatoki? Ukweli ni kwamba tarehe ile ni makadirio tu. Hupatikana kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kana kwamba mzunguko wa kila mwanamke ni wa siku 28, na takriban mwanamke mmoja tu kati ya 20 hujifungua siku hiyohiyo. Anayeanza kliniki mimba ikiwa imeshakuwa kubwa hukosa ultrasaundi ya mapema, ambayo ndiyo hukisia umri wa mimba kwa usahihi zaidi, hivyo wiki 41 zilizoandikwa kwenye kadi yake huenda zikawa 39.

Mwili hautazami kadi. Katika wiki za mwisho homoni za mtoto na za kondo la nyuma hubadilika, kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini hulainisha mlango wa kizazi, na misuli ya mji wa mimba huwa tayari kuitikia oksitosini, homoni inayoikaza. Mpangilio huo ndio kiini cha jambo lote, kwa sababu dripu ya oksitosini ikitundikwa mlango ungali mgumu na umefunga, mama anaweza kuumwa kutwa nzima na njia isifunguke. Ndiyo maana mkunga hupima kwanza kwa vidole: mlango umefunguka sentimita ngapi, umelainika na kufupika kiasi gani, kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila kipimo hupewa alama, kwa utaratibu uliotolewa na daktari Edward Bishop wa Marekani mwaka 1964. Alama zikiwa chache, mlango huandaliwa kwanza kwa dawa ya misoprostoli au kwa mpira mwembamba wenye puto inayojazwa maji.

Kwa nini basi asisubiri tu? Mwenye presha ya mimba iliyopanda, au ambaye chupa imepasuka na uchungu haujaja, kusubiri kunaweza kumponza yeye na mtoto. Kwa mimba isiyo na tatizo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe wiki 41 zikitimia, iwapo hesabu ni ya uhakika, kwa kuwa kuanzia hapo hatari ya mtoto kufia tumboni, ingawa ni ndogo, huzidi kupanda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanawake zaidi ya 6,000 wa uzazi wa kwanza, ulionyesha kwamba walioanzishiwa katika wiki ya 39 walifanyiwa upasuaji kwa asilimia 19 hivi, dhidi ya 22 ya waliosubiri. Hata hivyo, sioni kama matokeo hayo yanaweza kuhamishiwa moja kwa moja kwenye wodi ambayo mkunga mmoja anahudumia wazazi wengi.

Anayeanzishiwa uchungu hapaswi kuachwa peke yake. Uchungu ukija mfululizo bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba unaweza kuchanika, hasa wenye kovu la upasuaji, ambao haupewi misoprostoli kabisa. Nchini Uganda kituo cha afya cha ngazi ya tatu hakina chumba cha upasuaji. Chumba hicho hutarajiwa kuanzia ngazi ya nne, na huko ndiko kazi hii inakostahili kufanyiwa. Kipimo cha misoprostoli nacho ni kidogo mno: mikrogramu 25, ilhali kidonge cha kawaida kina 200. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, zinazotumika sana magharibi mwa Uganda, baadhi zina nguvu kweli ya kukaza mji wa mimba, na hapo ndipo penye hatari, maana hakuna ajuaye kikombe kimoja kimebeba nguvu kiasi gani.

Anayeshauriwa kusubiri naye huendelea kupimwa presha na mapigo ya moyo wa mtoto, na akiona mtoto amepunguza kucheza, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama miadi yake ni kesho.