Isotopi Thabiti za Maji ni Nini, na Zinatuambia Nini Kuhusu Mvua?

Chukua lita moja ya maji ya kawaida. Ndani yake mna gramu 2 na ushei za maji yaliyo mazito kuliko mengine, na huwezi kuyaona, kuyaonja wala kuyachuja. Ni maji yaleyale, hidrojeni mbili na oksijeni moja. Tofauti imejificha kwenye kiini cha atomu. Oksijeni iliyozoeleka ina protoni 8 na nyutroni 8, ndiyo maana huitwa oksijeni-16. Lakini karibu atomu 1 katika kila 500 imebeba nyutroni mbili za ziada, nayo ni oksijeni-18. Hidrojeni pia ina ndugu yake mzito, deuteri, adimu zaidi: atomu 1 hivi katika kila 6,400. Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni ndizo huitwa isotopi.

Neno "thabiti" lisikupite. Wengi wakisikia isotopi huwaza mionzi. Hizi hazitoi mionzi wala haziozi. (Hidrojeni yenye mionzi ipo, inaitwa tritiamu, na ina kazi yake nyingine.) Kwa kuwa haziozi, maji yakikaa chini ya ardhi miaka elfu, uwiano wa nzito kwa nyepesi kwa kawaida hubaki kama ulivyoingia. Kinachoubadili ni maji kubadili hali, yaani kuvukizwa, kugeuka matone au kuganda, au kuchanganyika na maji mengine.

Bahari inapovukizwa, molekuli nyepesi huchopoka kwa urahisi na nzito huburuta miguu. Kwa hiyo mvuke unaopanda angani huwa umepungukiwa kidogo na zile nzito. Mvuke ukipoa na kuwa matone, mambo hugeuka: sasa nzito ndizo hutangulia kuingia kwenye tone. Wingu likinyesha, linatua kwanza mzigo wake mzito. Mvuke unaobaki ni mwepesi zaidi, na mvua inayofuata huzaliwa na mvuke huo uliokwisha kupunjwa. Wanasayansi huuita mwendo huu ukenekaji wa Rayleigh.

Tofauti zenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo hutajwa kwa elfu badala ya kwa mia, zikilinganishwa na maji ya rejea yanayowakilisha bahari, ambayo yamepewa sifuri. Katika maji hayo, kwa kila atomu milioni 1 za oksijeni-16 kuna atomu 2,005 za oksijeni-18. Mvua ikisomeka −5, maana yake badala ya 2,005 zimo 1,995. Upungufu wa atomu kumi tu! Hata hivyo mashine za leo, ziwe za kupima tungamo au za mwanga wa leza, huona tofauti ndogo kuliko hiyo mara nyingi.

Hebu tulifuate wingu moja kwa hesabu. Tuseme joto ni nyuzi 20 na mvuke umeanza safari ukiwa −10. Mvua yake ya kwanza itakaribia sifuri. Nusu ya mvuke ikishanyesha, uliobaki umeshuka hadi −17 hivi, na mvua yake ni −7. Zikishanyesha sehemu tisa kati ya kumi, uliobaki uko karibu −32 na mvua ni −22. Wingu halisi hupoa njiani, na baridi huongeza utengano, kwa hiyo mteremko huwa mkali kuliko hapa. Ndiyo sababu mvua ya pwani huwa nzito kuliko ya bara, ya bondeni kuliko ya mlimani, na theluji ya katikati ya Antaktiki hufika −50 na chini yake.

Aliyeuona mchezo huu mapema ni Willi Dansgaard wa Denmark. Juni 1952, mvua ikinyesha Copenhagen, aliweka chupa ya bia yenye faneli kwenye bustani yake, akakinga maji na kuyapima. Akaona kuwa usomaji unafuatana na joto la mawingu yaliyoleta mvua. Miaka michache baadaye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na lile la Hali ya Hewa Duniani yalianzisha mtandao wa vituo vya kukusanya mvua kila mwezi, na kazi hiyo inaendelea tangu 1961.

Mwaka huohuo wa 1961 mwanasayansi wa Marekani, Harmon Craig, alipanga vipimo vya maji kutoka sehemu nyingi za dunia kwenye grafu moja, deuteri upande mmoja na oksijeni-18 upande mwingine. Maji ya mvua, theluji na mito yakajipanga karibu na mstari mmoja: deuteri ni mara 8 ya oksijeni-18, ongeza 10. Ile 8 inatokana na nguvu ya utengano wa deuteri, ambao ni kama mara nane ya ule wa oksijeni-18. Ile 10, iitwayo ziada ya deuteri, ina asili tofauti. Hewa juu ya bahari haijashiba unyevu, na mvuke unapokimbilia kwenye hewa kavu, kasi yenyewe huacha alama. Ndiyo maana mashariki ya Mediterania, ambako hewa kavu ya nchi kavu hupita juu ya bahari yenye joto, ziada hiyo hupanda hadi kama 22. Kwangu mimi hii ndiyo namba tamu kuliko zote: oksijeni-18 peke yake inaonyesha zaidi kiasi cha mvua kilichomwagwa njiani, lakini ziada ya deuteri hutupa fununu ya mahali mvuke ulikopandia.

Ziwa linalokaushwa na jua nalo hujitambulisha. Maji yake huuacha mstari wa Craig na kufuata mteremko mdogo zaidi, kati ya 4 na 6. Ukikuta maji ya kisima yameegemea huko, ujue yalipigwa na jua kabla ya kuzama ardhini.

Amazon ndiko elimu hii ilikotoa somo lililowashangaza wengi. Kwa hesabu ya wingu letu, mvua ya magharibi ya msitu, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Atlantiki, ingepaswa kuwa nyepesi mno. Haiko hivyo, inashuka kidogo tu. Sababu ni miti. Mizizi hufyonza maji ya mvua, majani huyarudisha hewani, na kwa wastani mvuke wa majani huwa na uwiano uleule wa maji yaliyofyonzwa, nzito kwa nyepesi. Msitu unalirudishia wingu mzigo lililoutua.

Wapo wanaosema oksijeni-18 ni kipimajoto. Kwenye nchi za baridi neno hilo lina ukweli mwingi, na kanuni hiyohiyo, ikitumia hasa deuteri, ndiyo iliyowezesha kusoma miaka 800,000 ya tabianchi katika barafu ya Antaktiki. Kwenye tropiki, mh. Huko joto halibadiliki sana mwaka mzima, na mvua kubwa huwa nyepesi kuliko manyunyu kwa sababu zinazohusu mawingu na matone yanayovukizwa yakianguka. Anayeipeleka kanuni ya ncha za dunia kwenye ikweta atajidanganya.

Kazi yenyewe huharibika mahali pa kijinga: kwenye kifuniko. Chupa ikijazwa nusu na kufungwa ovyo, maji yatavukizwa, yaliyobaki yatakuwa mazito, na mashine itapima kosa hilo kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo chupa hujazwa hadi shingoni na kukazwa, na chombo cha kukingia kinachokaa nje mwezi mzima hutiwa mafuta ya parafini yaelee juu ya maji.

Ukishakuwa na vipimo safi, swali la chemchemi iliyo chini ya mlima huwa jepesi. Tuseme maji yake ni −6, mvua ya hapohapo ni −4, na kwenye mlima huo usomaji hushuka 0.2 kwa kila mita 100. Tofauti ya 2 ni mita 1,000: maji hayo yalinyesha huko juu, si kwenye mashamba yanayoizunguka chemchemi. Ila ile 0.2 huikopi kutoka mlima mwingine. Unapanda na chupa zako, moja kila kimo, na kungoja mvua.