Je, Mchapishaji Ndiye Anayehakikisha Ubora wa Kitabu?

Mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, halazimiki kumwamini muuzaji kwa maneno tu, kwa sababu anaweza kutia dagaa mmoja mdomoni na kujua papo hapo kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Kitabu hakijaribiwi hivyo. Msomaji hulipa kwanza, na mchanga huukuta akiwa amekwisha kufika katikati, ndiyo maana tumezoea kutazama jina la mchapishaji kwenye jalada na kulichukua kuwa ushahidi kwamba yaliyomo yamechujwa. Je, ushahidi huo unatosha, hasa sasa ambapo programu za akili mnemba zinaweza kutoa kurasa mia mbili kwa saa chache, na mtu akaziuza kwa jina lake bila hata kuzisoma?

Kwanza tutenganishe kazi mbili. Mchapaji hupiga chapa kile alicholipwa kukipiga chapa. Mchapishaji huchagua mswada na kuugharimia kwa fedha zake. Humpa msomaji wa nje autathmini, humlipa mhariri, husahihisha prufu (kurasa za majaribio kabla ya kupigwa chapa), na hufanya hayo yote kwa kuwa kitabu kibovu kitamtia hasara na kumharibia jina. Kwa hiyo swali lake la msingi ni kama kitabu kitauzika, na ubora huja kwa kufuatana na swali hilo, si kwa kulitangulia.

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna mfano wa kuumiza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini haikupata mchapishaji, kwa kuwa lugha hiyo ilikuwa na wasomaji wachache. Ilimbidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichapishwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, akiwa mzee sana; alifariki mwaka uliofuata. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Afrika Mashariki. Mlango ulioizuia haukupima ubora wake hata kidogo, ulipima soko. Na mlango huohuo hupitisha vibovu: mwaka 2017 makosa yaliyokutwa katika vitabu vya kiada vya shule zetu yalifika hadi bungeni, ingawa vitabu hivyo vilikuwa vimepitia taasisi rasmi.

Hata hivyo, mtu aliyekataliwa na wachapishaji alikuwa bado na gharama ya kubeba. Mwandishi wa Mwanza anayekusanya akiba yake na kuupeleka mswada kwa mchapaji ameketi na kazi hiyo kwa miezi au miaka, na jasho hilo lenyewe lilikuwa kichujio. Akili mnemba imekiondoa. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Amazon, ambayo tangu 2007 inawawezesha watu kujichapishia vitabu vya kielektroniki, iliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila mtu, kiwango ambacho hakuna binadamu anayeweza kukifikia kwa kuandika mwenyewe. Inamtaka pia mwandishi aieleze kama maandishi yametungwa na mashine, ila mnunuzi haonyeshwi jibu hilo. Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waandishi wa kweli wasio na mchapishaji, ambao sasa wanatiliwa shaka pamoja na walaghai.

Madhara yake si ya kifasihi tu. Mwaka huohuo chama cha wapenzi wa uyoga cha New York kiliwaonya watu kuhusu vitabu vya kutambua uyoga wa porini vilivyoonekana kutungwa na mashine, kwa kuwa kosa moja linaweza kuua. Ushauri wake ulikuwa kununua vitabu vya waandishi na wachumaji wanaojulikana. Ulimtazama mtu anayeweza kuulizwa, haukumtaja mchapishaji.

Ushauri huo unafaa hata hapa. Anayetaka kitabu cha kufuga sato kwa vizimba aangalie kama mwandishi anataja ziwa alilofugia, vifo vya vifaranga alivyopata, bei ya chakula aliyolipa, na mahali anapopatikana. Na kama kitabu kinasema tu kwamba ufugaji una faida nyingi na unahitaji maji safi, akirudishe rafuni hata kama jalada lake linang'aa.